Maswali na majibu: Kituko kiwe kwenye dele

Kaskazi ikishaanza kuvuma, maswali ya mavazi huja kwa mkupuo. Mimi fundi cherehani, na nusu ya majibu yangu mwaka huu hayahitaji cherehani hata kidogo.

*Shikamoo shangazi. Mimi na wenzangu wanne tunataka kuingia gwaride la ufunguzi wa tamasha la muziki la Sauti za Busara. Tumebakiwa na jioni mbili na hela ya nauli tu. Tuvae nini? (Kijana wa Mwanakwerekwe)*

Marahaba mwanangu. Hela ya nauli inatosha. Kinachowaponza wengi si umaskini, ni uroho: mtu anataka mbawa, taji, mkia na miwani ya rangi, na akipita hakuna anayejua alikuwa nani. Barabarani mtazamaji anakuona kwa muda wa pumzi mbili, mbele yako beni linapuliza, nyuma yako kuna ngoma nyingine. Mpe kitu kimoja, kikubwa kupita kiasi.

Nyinyi kuweni wauza kahawa. Kila mtu mjini anamjua muuza kahawa hata kabla hajamwona, kwa vile vikombe anavyovigonganisha mkononi. Mmoja wenu abebe dele, yaani birika la kahawa, la maboksi lenye kimo cha mtoto wa miaka sita, wengine wavae kofia za umbo la kikombe. Gundi pika nyumbani: kikombe 1 cha unga wa ngano kwa vikombe 4 vya maji baridi, koroga mpaka mabonge yaishe, ndipo uinjike jikoni na uendelee kukoroga hadi iwe kama uji mzito. Bandika vipande vya magazeti tabaka tatu juu ya boksi jioni ya kwanza, acha likauke usiku kucha penye upepo, jioni ya pili paka rangi ya shaba. Ukibandika tabaka zote upesi upesi zikiwa majimaji, dele litanywea.

Kanzu zivaliwe safi na zilizonyooka. Kituko kiwe kwenye dele, si kwenye nguo ambayo baba zenu wanaendea msikitini. Na msifunike nyuso. Februari Unguja ni joto la kukausha mate, na njia ya gwaride si fupi.

*Shangazi, skuli ya mwanangu ina sherehe yenye mada ya bahari. Ana miaka saba na hataki kuwa samaki kwa sababu darasa zima watakuwa samaki. (Mama Fatma, Lamu)*

Mtoto ana akili. Mfanye chombo, tena si jahazi bali mtepe, kwani nyinyi ndio wenyewe: mitepe iliundwa huko huko visiwani kwenu, mbao zikashonwa kwa kamba, bila misumari. Mtepe una neema moja kwa mshonaji mvivu. Tanga la jahazi lina pembe tatu na linasumbua kulikata, la mtepe lilikuwa mraba, la mkeka. Kwa hiyo tanga unalo tayari sebuleni.

Chukua boksi refu, toa kitako na kifuniko, mtoto asimame katikati. Kanga kuukuu ikunje iwe mikanda miwili ya mabegani, ipishane mgongoni kama mkoba wa skuli, la sivyo chombo kitamteremka kila hatua tatu. Omo, yaani mbele ya chombo, ichongoke na ipande juu, kama shingo ya ngamia. Toboa matundu pembeni kwa msumari, halafu mpe mtoto mwenyewe sindano kubwa na kamba ya usumba ashone. Hiyo ndiyo kazi atakayoisimulia. Usisahau macho mawili ya duara huko mbele, chombo kisichoona njia hakiendi mbali. Mlingoti uwe ufito mwepesi uliofungwa kwenye boksi, usiupitishe karibu na uso wake. Na tanga lisizidi upana wa mikono yake, maana hiyo kaskazi haitambui kama ni mchezo.

Jambo moja nililijua kwa aibu: niliwahi kumshonea mpwa wangu chombo kizuri mno, akashindwa kupita mlango wa daladala. Pima mlango kwanza.

*Habari fundi. Kikundi chetu kinataka kuvaa kama beni la zamani. Je, tunaweza kukodi sare za mabaka? (Tanga)*

Nzuri. Mabaka hapana, wala msijaribu. Sheria ya Tanzania inakataza raia kuvaa sare za jeshi na nguo zinazofanana nazo, na mwaka 2023 JWTZ liliwapa raia siku saba kuzisalimisha. Polisi hatasikiliza habari za sanaa.

Na ukitazama vizuri, mabaka yangeharibu utani wenyewe. Beni lilizuka pwani katika miaka ya 1890, watu wakiiga bendi za kizungu (jina limetoka huko huko), wakapeana vyeo vya ujenerali na ufalme, vikundi vya Marini na Arinoti vikashindana kwa nguo na nyimbo. Ilikuwa fahari, na ilikuwa dhihaka pia. Basi dhihakini. Nendeni mtumbani mkatafute makoti ya rangi ambayo hakuna jeshi lingeikubali: waridi, zambarau, manjano ya embe. Mabegani shoneni vishada vya kamba iliyofumuliwa. Nishani ni vizibo vya soda, vigongwe viwe bapa, vitobolewe, vining'inizwe kwa utepe. Jenerali awe na vizibo arobaini, kuruta awe na kimoja tu, na kiwe kimepinda. Hapo watu watacheka bila kuambiwa.

*Naweza kutumia mifuko ya rambo kutengeneza manyoya ya ndege? (Dar es Salaam)*

Utaipata wapi? Bara imepigwa marufuku tangu Juni 2019, Zanzibar walitangulia miaka mingi. Tumia vitambaa chakavu toka kwa fundi wa mtaani, anavitupa kila jioni.

*Shangazi, nijichore uso kwa piko? Hina inachelewa. (Msichana, Mombasa)*

Usoni? La. Piko ni dawa ya nywele, inaweza kukuunguza ngozi na kukuachia alama. Wanja kwa mistari, liwa kwa madoa, unaosha ukirudi.

*Tunaishi London, tunakwenda kanivali ya Notting Hill mwisho wa Agosti. Tungependa kitu cha kwetu. Nikate kanga?*

Usikate kwanza, soma. Ile ni sherehe ya watu wa Karibiani, na vikundi vinavyopita vina mavazi yao waliyoyahangaikia miezi kadhaa, kwa hiyo nyinyi ni wageni pembeni ya njia na vazi jepesi linatosha. Kanga ina pindo, mji (sehemu ya kati) na jina (maandishi), na ukiikata ovyo jina linakatika katikati ya neno. Nimeona gauni limeandikwa kifuani nusu ya tusi ambalo mvaaji hakulikusudia.

Tafuta doti yenye jina *Sisi sote abiria dereva ni Mungu*. Jifunge moja, nyingine tupa begani maandishi yaonekane, halafu shika usukani wa boksi. Mzee asimame nyuma akigonga kibao kama konda na kuita abiria. Waingereza hawataelewa, lakini Mswahili yeyote atakayekuwepo atawasogelea, na hapo mtakuwa mmepata mwenzenu wa kula naye.

*Na Mwaka Kogwa, sherehe ya mwaka mpya ya Makunduchi, Unguja? Nataka kwenda na vazi la kituko.*

Wewe mgeni, vaa vizuri tu. Wanawake wa pale hutoka na nguo zao bora, na utajiona kihoja peke yako. Wanaume wanaoingia kupigana kwa migomba ndio wenye ruhusa ya vituko: wengine huvaa nguo juu ya nguo ili kipigo kisipenye, na helmeti za pikipiki nazo zimeonekana. Ukitaka kushiriki, vaa makoti mawili. Kama hutaki, kaa mbali na kibanda cha makuti kikichomwa, upande wa kusini. Julai ni kusi, moshi utakwenda kwa wenzako.