Jina la tovuti linauzwaje? Wasomaji wanauliza

SWALI: Habari za kazi. Mwaka juzi nilisajili majina manne ya tovuti yanayohusu zabibu na mvinyo wa Dodoma, mawili yanaishia .co.tz na mawili .com. Sijaweka tovuti yoyote. Nasikia kuna watu wanauza majina kwa mabilioni. Nianzie wapi, na niweke bei gani? (Msomaji, Kisasa, Dodoma)

JIBU: Mabilioni yapo kweli. Voice.com iliuzwa mwaka 2019 kwa dola milioni 30. Ila lile ni neno moja la Kiingereza linalotafutwa dunia nzima. Wanunuzi wa majina yako labda hawafiki hamsini, na wengi wako hapo hapo mkoani. Si habari mbaya, maana watu hamsini unaweza kuwaorodhesha kwenye daftari.

Kwanza yachuje. Mpigie mtu simu, mtajie jina mara moja tu, aliandike. Kiswahili kinakubeba hapa kwa kuwa kinaandikwa kinavyotamkwa. Jina lenye kistari au tarakimu litakwama: atauliza kama "nne" ni namba au ni neno, na mteja wa mnunuzi wako atauliza hivyo hivyo. Maneno mawili yanatosha, matatu ni mengi. Kisha tafuta kwenye orodha ya alama za biashara za BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara. Ukikuta alama ya mtu inayofanana na jina lako katika biashara ile ile, liache life muda wake ukiisha. Mwisho, liangalie kwenye Wayback Machine, tovuti inayohifadhi nakala za kurasa za zamani, maana huenda kuna aliyelitumia kabla yako. Jina lililowahi kuwa la kamari au utapeli hubaki na doa, na barua pepe zake zinaweza kutupwa kwenye kapu la taka.

Baada ya hapo, tafuta watu. Usianzie kwenye kompyuta. Pita barabara ya Dar es Salaam na ile ya Iringa, usome mabango. Biashara yenye jengo zuri na anwani ya Gmail ukutani ndiyo ya kwanza kwenye daftari lako. Ongeza wasindikaji wa mvinyo, ushirika wa wakulima, hoteli na wanaosafirisha zabibu kwenda Dar es Salaam.

Bei haitokani na ulichotumia. Kwa .com, angalia NameBio, tovuti ya kumbukumbu za mauzo ya majina, uone majina ya aina hiyo yaliuzwa kwa kiasi gani. Kwa .co.tz pima mfuko wa mnunuzi: akisikia bei, ailinganishe na gharama ya bango lake la barabarani, si na ya gari. Tuseme lengo lako ni laki nne. Taja laki sita, na uwe umeshaamua moyoni kwamba chini ya laki tatu huuzi. Kisha mwandikie:

"Habari. Ninamiliki jina (andika jina lenyewe) na ninaliuza. Nimeona ofisi yenu inatumia anwani ya Gmail, nikaona lingewafaa. Bei ni shilingi 600,000, na taratibu za kulihamisha naanza mara malipo yakithibitishwa. Kama hili haliko kwako, naomba unielekeze kwa anayehusika."

Basi. Usilisifie jina, na bei usiifiche, kwani mtu asiyejua bei huhisi anawindwa. Kumbusha mara moja baada ya siku saba hadi kumi, ikiwezekana kwa simu. Na usithubutu kuandika "usiponunua nampa mshindani wako". Sentensi hiyo inaweza kusomwa siku moja mbele ya msuluhishi kama ushahidi wa nia mbaya.

Wakati huo huo weka ukurasa mmoja kwenye kila jina: "Jina hili linauzwa", na namba ya simu. Mnunuzi akishasoma ujumbe wako, kitu cha kwanza ni kuliandika jina lile kwenye simu yake. Akikuta halifunguki, anadhani limekufa. Yale ya .com yaorodheshe pia kwenye masoko ya majina mtandaoni kama Sedo au Afternic, ukijua soko litakata kamisheni ya kati ya asilimia 15 na 25 hivi. Ya .co.tz huko usihangaike, wateja wake ni majirani.

Nawe usijaze kapu. Wauzaji wazoefu hutegemea kuuza jina moja au mawili kwa mwaka katika kila mia. Majina 20 ya .com kwa dola 12 kila moja ni dola 240 kwa mwaka, yauzwe yasiuzwe. Kwako manne yanatosha kujifunzia.

SWALI: Nimepata mteja wa .com yangu, yuko Nairobi. Anataka nimtumie msimbo wa kuhamishia ndipo alipe. Nifanyeje? (Msomaji, Singida)

JIBU: Usimtumie. Msimbo ule ndio ufunguo wa nyumba. Lakini naye ana haki ya kuogopa kukulipa kwanza, kwa hiyo pitieni kwa mtu wa kati, kwa mfano Escrow.com. Mnakubaliana bei na nani atalipa ada. Mnunuzi anaweka fedha kwao, wazishike hadi alipokee jina. Wao wakikuthibitishia kwamba zimeingia (ingia mwenyewe kwenye akaunti yako uone, usiamini barua pepe), ndipo unafungua kufuli la jina kwa msajili wako (kampuni uliyosajilia jina) na kutoa msimbo. Uhamisho wa .com huchukua siku tano hivi, au chini ya hapo msajili wako akiuidhinisha mapema. Mkiwa wote kwa msajili mmoja, unalisukuma jina kutoka akaunti yako kwenda yake kwa dakika chache, na hiyo ndiyo njia tunayoipendelea.

Yanayokwamisha ni haya: jina lililosajiliwa au kuhamishwa karibuni, ambalo kwa kawaida hufungwa siku 60, barua pepe ya zamani usiyoweza tena kuifungua, nako ndiko taarifa za uhamisho zinakokwenda, na jina lililobakiza siku chache kuisha. Kagua yote matatu kabla ya kutaja bei.

Kwa .co.tz mnayeuziana ana kwa ana, kumbukeni kwamba kuhamia kwa msajili mwingine na kubadili jina la mmiliki ni mambo mawili. Mnunuzi anahitaji la pili. Andikeni mkataba wa nakala mbili, fedha zipite benki. Ukilipwa kwa simu, angalia salio. Meseji ya kughushi ya "umepokea" kila mtu anaijua, na bado inaliza watu.

SWALI: Mnunuzi wa nje ameniahidi dola 9,000, ila anataka kwanza cheti cha thamani ya jina kutoka tovuti aliyoitaja yeye. (Msomaji, Kondoa)

JIBU: Tovuti hiyo ni yake. Ukilipia cheti, hutamsikia tena. Mjibu kwamba cheti atalipia yeye, uone kama atarudi.

SWALI: Nikisajili jina la benki kubwa kabla yao, si watalazimika kuninunua? (Msomaji, Nkuhungu)

JIBU: Hapana. Kwa .com kuna UDRP, utaratibu wa kusuluhisha migogoro ya majina ya tovuti, tangu 1999. Mwenye alama ya biashara akithibitisha kwamba jina linafanana na alama yake, kwamba huna haki nalo, na kwamba ulilisajili na kulitumia kwa nia mbaya, jina linahamishiwa kwake au linafutwa, na hulipwi hata senti. Kufungua shauri la jina moja WIPO (shirika la Umoja wa Mataifa la miliki ubunifu) mbele ya msuluhishi mmoja kunamgharimu dola 1,500, na kwa benki hizo ni fedha za chai.