Ukikutana na drain, uliza kwanza kinachotoka ni nini

Wewe unayeanza kazi ya kutafsiri kutoka Kiingereza, neno drain halitakukawilia. Utafungua kamusi, utaona mtaro, mfereji, kuondoa maji, na utadhani umeshamalizana nalo. Nami nilidhani hivyo, na kosa lililofuata nalikumbuka mpaka leo.

Nilipewa karatasi ya maelekezo ya mgonjwa anayerudi nyumbani baada ya upasuaji. Sentensi moja ilisema: Empty the drain twice a day. Nikaandika, "Safisha mtaro mara mbili kwa siku." Aliyeniokoa ni muuguzi aliyeombwa kuipitia rasimu. Alinichorea kitu chenyewe: mrija mwembamba unaotoka ndani ya kidonda, na mwisho wake kichupa laini ambacho ukikiminya kinavuta damu na majimaji yaliyobaki mwilini. Mgonjwa hufungua kizibo, humimina yaliyomo kwenye kikombe chenye vipimo, huandika ni mililita ngapi, kisha hukiminya tena kile kichupa na kukifunga kikiwa bado kimebonyea. Sentensi ikawa, "Mwaga majimaji yaliyo kwenye kichupa cha mrija mara mbili kwa siku." Mwenye mshono mbichi hana nguvu ya kukisia mtafsiri alikusudia nini.

Tangu siku hiyo naangalia kwanza kinachotajwa baada ya kitenzi. Kiingereza kinakiruhusu drain kibebe vitu vitatu tofauti: kimiminika chenyewe, chombo kilichokibeba, au kitu kilichoroweka humo. Drain the water, drain the tank, drain the pasta. Kitenzi ni kilekile, ila Kiswahili hakikubali mtindo huo. Maji unayatoa, tangi unalimaliza maji, tambi unazichuja. Ukimwandikia mpishi "mwaga tambi", atabaki na sufuria tupu. Kwa upande mwingine, mafundi wa magari wanasema "kumwaga oil", na hiyo ndiyo drain the oil hasa. Lugha ya gereji ipo tayari. Ichukue ilivyo, usibuni "kuchuruzisha mafuta ya injini" ambayo hakuna fundi atakayeitambua.

Jambo jingine ni mwendo. Anayemimina anashika chombo na kukiinamisha. Katika drain, mara nyingi kimiminika kinatoka chenyewe, kidogo kidogo, kwa uzito wake, na kinachobaki nyuma kinaelekea kukauka. Kwa asili neno hili lina undugu na dry, yaani kukauka, na ukilishika hilo maana nyingi zinajipanga zenyewe. Maelekezo ya mapishi yakisema let it drain, mpishi haambiwi afanye kazi yoyote; anaambiwa aache maji yachuruzike.

Likiwa nomino, tazama mwandishi ametoka wapi. Mmarekani akiandika drain jikoni, mara nyingi anamaanisha lile tundu la sinki. Mwingereza tundu hilo huliita plughole, na kwake drain ni bomba au mtaro wa kupeleka maji nje. Nimeona maelekezo ya kuzibua sinki yakimtuma msomaji uani kwa sababu hiyo tu.

Maana za mafumbo ndizo ninazozipenda, kwa kuwa Kiswahili kina majibu mazuri kuliko kamusi. Simu ambayo programu yake drains the battery, sisi tunasema "inakula chaji". Gharama ambayo ni drain on savings "inakula akiba". Kitenzi kula kinabeba ule upotevu wa polepole bila kutaja maji hata kidogo. Fedha zilizokwenda down the drain "zimekwenda na maji". Hapo lugha mbili zimekutana. Mtu akisema I feel drained, usiridhike na "nimechoka", maana hata aliyekimbia kilomita mbili amechoka. Huyu ameishiwa, mara nyingi moyoni kuliko mwilini: "nimeishiwa nguvu kabisa" linamfaa zaidi. Rangi ikidrain usoni, uso umesawijika. Na brain drain, msemo ulioshika kasi Uingereza miaka ya 1960 wanasayansi wake walipokuwa wakihamia Marekani, hauna uhusiano na ubongo unaovuja. Andika kuhama kwa wataalamu.

Kuna mahali pamoja panapohitaji subira. Katika vifaa vya kielektroniki, aina fulani ya transista, yaani kifaa kidogo kinachodhibiti mkondo wa umeme, ina ncha tatu, na mojawapo huitwa drain, ile ambako chembe zinazobeba umeme hutoka. Hapo neno ni jina la ncha, halitafsiriwi kwa mtaro wala mrija. Liache kama wahandisi wanavyolitumia, kisha eleza kazi yake kwa sentensi moja.

Kwenye kilimo nilihangaika siku nzima na well-drained soil. Nilijaribu "udongo uliochujwa vizuri", nikajaribu "udongo wenye mifereji mizuri", yote yakanikataa. Kumbe mabwana shamba walikuwa nalo miaka yote: udongo usiotuamisha maji. Kiingereza kinataja maji yaliyoondoka, Kiswahili kinataja maji yasiyokaa, na mkulima akiyasoma maneno hayo matatu anajua kwamba pale mizizi haitaoza.