Kwa Nini Barry Bonds Hayumo katika Jumba la Heshima?

SWALI: Mhariri, ninaishi Marekani na kila Januari huwasikia wenzangu kazini wakibishana kuhusu wachezaji wastaafu wa besiboli. Kwa nini Barry Bonds ameachwa nje ya Jumba la Heshima (Hall of Fame) la besiboli, linaloenzi wachezaji bora, mjini Cooperstown?

JIBU: Ndugu msomaji, wapigaji kura ni waandishi wa besiboli waliokuwa wanachama wa chama chao kwa miaka 10, na mchezaji huhitaji asilimia 75 ya kura. Bonds anashikilia rekodi ya mipigo 762 ya kuzunguka vituo vyote (home run), lakini mwaka 2022, mara yake ya kumi na ya mwisho kupigiwa kura na waandishi hao, alipata asilimia 66, kwa kuwa kanuni hutaka uadilifu upimwe pamoja na rekodi, na tuhuma za dawa za kuongeza nguvu zilimwandama. Mimi ningempigia kura bila kusita: kufikia 1993, miaka kadhaa kabla ya kipindi kinachotajwa katika tuhuma hizo, alikwisha kutwaa tuzo 3 za mchezaji bora wa ligi. Njia iliyobaki ni kamati ya Jumba hilo yenye watu 16, ambayo Desemba 2022 ilimchagua mchezaji mwingine mstaafu, Fred McGriff, ikamwacha Bonds.