Wasomaji Wanauliza: Je, Maandalizi ya Wahispaniki wa Marekani Yananihusu?

SWALI: Shikamoo Mhariri. Ninasoma mwaka wa pili katika chuo kikuu kimoja hapa Moshi, nami ni wa kwanza katika ukoo wetu kufika chuo. Wazazi wangu wanalima kahawa na migomba Kibosho. Likizo iliyopita nilifanya kazi ya mapokezi katika nyumba ya wageni, na Mmarekani mmoja aliyetoka kupanda Mlima Kilimanjaro, ambaye wazazi wake ni wa Meksiko, alinieleza kwamba aliandaliwa kwa ajili ya uzamivu (PhD) tangu akiwa shahada ya kwanza. Je, ni mpango gani huo, nami ninaweza kuomba?

Msomaji, Moshi

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nianze na la mwisho: huwezi kuomba, na yeyote atakayekudai fedha ili akuingize ni tapeli. Yamkini mgeni wako alipitia mpango wa McNair, uliopewa jina la Ronald McNair, mwanafizikia na mwanaanga aliyefariki chombo cha Challenger kiliposambaratika angani tarehe 28 Januari 1986. Hugharimiwa na Serikali ya Marekani na huwapokea raia na wakazi wa kudumu pekee: wenye kipato kidogo ambao ni wa kwanza kwao kusoma chuo; sheria yake hutaja pia makundi yaliyo machache katika shahada za juu, wakiwamo Wahispaniki, yaani Wamarekani wenye asili ya nchi zinazozungumza Kihispania. Vilevile, vyuo ambavyo Wahispaniki ni angalau asilimia 25 ya wanafunzi wa shahada ya kwanza hutambuliwa kisheria, na hadi mwaka 2025 viliweza kuomba ruzuku maalumu.

Hata hivyo, kinachofanyika humo hakihitaji pasipoti. Mwanafunzi hukabidhiwa kwa mhadhiri, hufanya naye utafiti, kwa kawaida wakati wa likizo ndefu, kisha huuwasilisha mbele ya watu na kusaidiwa kuandika maelezo ya kujiombea nafasi. Mambo hayo huonekana madogo kwa mtoto wa profesa, aliyeyasikia mezani tangu utotoni. Kwa mtoto wa mkulima, awe wa Texas au wa Kibosho, hakuna wa kumnong'oneza.

Zito kuliko yote ni barua za wadhamini, yaani wahadhiri wa kukupendekeza. Mhadhiri anayekufahamu kwa alama tu ataandika kwamba ulifaulu vizuri, jambo ambalo matokeo yako yameshalisema. Aliyekuona ukikosea hesabu za takwimu, ukazirudia na kumletea upya, ana la kusimulia. Barua ya namna hiyo haipatikani kwa wiki mbili, na ndiyo sababu wenzetu huanza mapema. Vyuo vingi vya Marekani hufunga maombi ya uzamivu Desemba au Januari, na wengi wanaokubaliwa, hasa katika sayansi, husamehewa ada na kulipwa posho kwa kufundisha au kusaidia utafiti. Mweleze baba hilo la posho mapema, kabla hajauliza utasoma mpaka lini.

Wala si lazima uvuke bahari: Taasisi ya Nelson Mandela, pale Tengeru, Arusha, ilianzishwa kwa ajili ya uzamili na uzamivu. Popote utakapoomba, utaulizwa umetafiti nini. Wewe umekulia katika kahawa, katika mkoa ambao KNCU, chama kikuu cha ushirika cha wakulima wa kahawa, ilianzishwa mwaka 1933. Nenda AMCOS, chama cha msingi cha ushirika wa wakulima, ya kijijini kwenu, waombe viongozi ruhusa ya kuona kumbukumbu za mauzo, utafute swali moja linalokusumbua. Liandike, nusu ukurasa unatosha, ndipo ubishe hodi kwa mhadhiri.