Maswali Yenu kwa Mhandisi: Mkwaruzo umepotelea wapi?

Mama Mhandisi, shikamoo. Nasoma uhandisi wa umeme, mwaka wa nne, hapa Mbeya. Mradi wangu wa mwisho ni programu ya kugundua kasoro kwenye sahani za silikoni zinazotengenezewa chipu. Nimetumia seti ya data ya WM-811K niliyoipakua kwenye intaneti. Picha nilizisafisha kwanza kwa kichujio cha mediani cha 3 kwa 3, nikazipunguza ukubwa zilingane, kisha nikaufundisha mtandao wa neva, yaani programu inayojifunza kwa mifano. Usahihi umefika asilimia 85. Lakini kila nikiipa programu sahani yenye mkwaruzo, inajibu kuwa ni nzima. Wenzangu wananishauri niongeze tabaka za mtandao, na kompyuta yangu ni hii ya kawaida tu. Nifanyeje? Swali la pili: kamera za viwandani zinaonaje chembe iliyo ndogo kuliko hata wimbi la mwanga?
Mwanafunzi, Mbeya

Marahaba, mwanangu. Usiongeze tabaka hata moja. Chukua kalamu kwanza tuhesabu.

Seti hiyo ina ramani 811,457, kila moja ya sahani moja, lakini zilizowekewa lebo ya aina ya kasoro ni 172,950 tu. Kati ya hizo, 147,431 zina lebo ya kutokuwa na umbo lolote la kasoro. Gawanya mwenyewe: ni asilimia 85 na ushee. Yaani mtu asiyejua chochote, akijibu "nzima" kwa kila ramani anayoletewa, atapata alama zile zile ulizopata wewe. Programu yako imejifunza kusema neno moja. Mikwaruzo iko 1,193 tu, haifiki hata ramani moja katika kila mia. Pete za ukingoni, yaani chipu mbovu zilizouzunguka ukingo wa sahani, ziko 9,680. Zile zilizoharibika karibu sahani nzima ni 149. Basi futa hiyo asilimia 85 kwenye ripoti yako, uandike kila aina kwa safu yake: mikwaruzo iliyokuwepo ni mingapi, programu imeikamata mingapi, na katika ilizoziita mikwaruzo, ya kweli ni mingapi. Msimamizi akiuliza mbona namba zimeshuka, mwonyeshe hesabu ya hapo juu.

Sasa kichujio chako. Chora visanduku tisa, vitatu kwa vitatu. Mkwaruzo mwembamba ukipita katikati unachukua visanduku vitatu. Vilivyobaki sita ni vizima. Mediani inavipanga vyote tisa kwa ukubwa na kuchukua cha tano. Cha tano ni kizima. Kichujio kinahamia hatua inayofuata, nako ni vivyo hivyo, mpaka mstari wote umefutika. Mkwaruzo ulikuwepo asubuhi, ukaufuta mwenyewe kabla mtandao haujaamka. Kichujio cha mediani ni kizuri kwa kufuta chipu mbovu moja moja zilizotawanyika ovyo, na watu wengi wanakitumia kwa ramani hizi, lakini kwa kasoro nyembamba ni hatari. Kiache kabisa, au mtandao upewe ramani mbili, iliyosafishwa na isiyosafishwa.

Kuna jambo jingine ambalo swali lako limelificha. Unaziita picha. Hazikupigwa na kamera yoyote. Ni ramani za majibu ya vipimo vya umeme: 0 ni mahali pasipo na chipu, 1 ni chipu iliyofaulu, 2 ni iliyofeli. Ukipunguza ukubwa kwa kuchukua wastani unapata 1.4, na hakuna chipu iliyofeli kwa sehemu nne za kumi. Tenga chipu zilizofeli ziwe tabaka lake peke yake. Unapopunguza ukubwa, kila kisanduku kipya kibebe thamani kubwa kabisa iliyokuwa ndani yake. Hapo hata mstari wa chipu moja moja hautapotea.

Na data za kufundishia na za kujaribia zigawe kwa makundi. Kiwandani sahani husafiri kwenye kisanduku kimoja, kwa kawaida 25, zikipita mashine zile zile. Zinafanana kama ndugu. Ukizichanganya ovyo, ndugu mmoja anafundishia na mwenzake anafanya mtihani, na programu inaonekana hodari kuliko ilivyo. Jina la kundi limeandikwa ndani ya seti hiyo, litumie. Kisha mikwaruzo yako michache izungushe na kuigeuza kama kwenye kioo uipate mingi zaidi. Mkwaruzo uliozungushwa ni mkwaruzo bado. Kompyuta yako inatosha kwa yote haya.

Nakaza sana neno mkwaruzo kwa sababu nimeufukuza miaka tisa. Mimi ni mzaliwa wa Tanga, na kazi yangu ilikuwa kitengo cha ukaguzi kwenye kiwanda kimoja huko Dresden, Ujerumani. Mkwaruzo unapoonekana, mtu anainuka kwenye kiti kwenda kukagua mashine ya kung'arisha sahani au mkono wa roboti unaozibeba. Pete ya ukingoni inampeleka kwenye mashine nyingine kabisa. Umbo la kasoro linataja mashine ya kusimamishwa. Programu isiyoona mikwaruzo inaiacha mashine mbovu ikiendelea kukwaruza.

Swali lako la kamera nalipenda. Kuona kwamba kitu kipo na kuona umbo lake ni mambo mawili. Umewahi kukaa kwenye chumba chenye tundu dogo kwenye bati, jua la saa saba likaingia kama fimbo? Vumbi linaelea ndani ya mwanga ule, kila chembe inang'aa, na bila jua hilo usingeiona hata moja. Mashine ya kukagua hufanya hivyo: leza inapigwa kwa ubavu kwenye sahani iliyo laini kama kioo, mwanga unateleza kwenda zake upande wa pili, kamera juu inaona giza. Chembe ikiwepo inautawanya mwanga, na kamera inaona nukta. Umbo la chembe hailijui.

Ugumu ni kwamba kwa chembe ndogo kuliko wimbi la mwanga, kipenyo kikipungua nusu, mwanga unaotawanywa unapungua mara 64. Wimbi la mwanga nalo likifupishwa nusu, mwanga unaotawanywa unaongezeka mara 16. Ndiyo sababu ya kuachana na leza ya kijani ya nanomita 532 na kutumia ya urujuanimno ya nanomita 266. Kisha hadubini ya elektroni inapelekwa kwenye nukta chache zilizotiliwa shaka, maana ina uwezo wa kuonyesha umbo lakini ni ya polepole mno kukagua sahani nzima ya milimita 300.

Sahani iliyokwisha chorwa mistari ya saketi ni tabu zaidi, kwa kuwa mistari yenyewe inatawanya mwanga. Hapo tunalinganisha: picha ya chipu hii toa picha ya jirani yake, kinachobaki ni tofauti. Ili kujua mbovu ni ipi kati ya mbili, unamwita jirani wa tatu. Kuzipanga picha zikae sawasawa ndiyo kazi kubwa kuliko zote. Zikipishana nusu pikseli tu, kingo za kila mstari zinawaka na unaletewa maelfu ya kasoro za uongo.

Na kulinganisha kuna upofu wake. Kuna mwaka niliipitisha kazi ambayo picha zake zote zilikuwa safi, hakuna tofauti popote. Vipimo vya umeme vikaja: chipu zote zinafeli mahali pale pale. Uchafu ulikuwa kwenye maski, kile kioo chenye mchoro ambao mwanga hupita kuchora sahani, na maski yetu ilikuwa na chipu moja tu. Kila jirani alikuwa na kasoro ile ile, basi toa hii kwa hii, sifuri. Nililala vibaya siku nyingi. Dawa yake ni kulinganisha picha na mchoro wa awali wa msanifu, jambo tulilokuwa tukilifanya mara chache kwa sababu linakula muda. Tangu hapo nilidai lifanyike kila maski mpya inapoingia.

Dada Mhandisi, habari za kazi. Mimi ni fundi simu Kariakoo. Nina hadubini yenye kamera, lakini nyufa kwenye risasi ya kulehemu chini ya miguu ya IC, yaani chipu za kwenye bodi, zinanikwepa. Ninunue hadubini yenye nguvu zaidi?
Fundi, Dar es Salaam

Njema, kaka. Hela yako ibaki mfukoni. Ile taa ya duara iliyozunguka lenzi inapiga kutoka juu, na risasi inang'aa kama kioo, ufa unamezwa na mng'ao. Izime. Chukua tochi ndogo uilaze karibu na bodi, mwanga upite juu juu, halafu uzungushe bodi taratibu. Ufa utatupa kivuli upande mmoja.

Tena kila bodi nzima ya simu unazozitengeneza sana, ipige picha ukiwa umeishikiza mahali pamoja, urefu mmoja wa lenzi, tochi pembe ile ile. Weka alama za kalamu mezani ili bodi irudi pale pale. Ikija mbovu, fungua picha ya nzima pembeni yake, ulinganishe mguu kwa mguu. Zile IC ambazo risasi yake ni vitone vilivyofichwa chini ya tumbo lake, hapo kamera yoyote haikufai; tumia mita.