Maswali ya mafundi: chaneli zilizolala kwenye kichanganuzi cha lojiki

SWALI: Nina kichanganuzi cha lojiki cha USB, kile kidogo cha chaneli 8 na kasi ya 24 MHz, natumia programu ya PulseView kuona ishara kwenye kompyuta. CH3 na CH6 zimelala kwenye sifuri hata nikizigusisha volti 5. Nyingine sita ni nzima. Kazi ya mwisho nilikuwa napima moduli ya gari. Ndiyo basi, nikitupe?
Msomaji, Mwanza

JIBU: Usitupe bado, ingawa hilo neno "gari" linatia shaka. Kwanza hakikisha unaangalia mstari wenyewe. Kwenye vifaa vingi hivi kasha huhesabu CH1 hadi CH8, PulseView huhesabu D0 hadi D7, kwa hiyo CH3 ni D2 na CH6 ni D5.

Kisha tumia ishara usiyoitilia shaka. Unganisha betri mbili za volti 1.5 kwa mfululizo, upate volti 3. Hasi iende kwenye GND (pini ya hasi) ya kichanganuzi, chanya ipite kwenye rezista ya kilo-omu 1 ndipo ifike kwenye chaneli. Rezista hiyo usiiruke: kama ndani kuna shoti, mkondo hautazidi miliampea 3. Weka kasi ya 1 MHz na sampuli milioni 5, upate sekunde tano za kugusa na kuachia. Halafu chukua waya wa CH1 uuchomeke CH3. Chaneli ikiamka, ubovu ni wa waya. Vile vichwa vyeusi vya plastiki hufanya chuma cha ndani kirudi nyuma kisiguse pini, na kwa macho huoni kitu.

Ikibaki imelala, chomoa USB ufungue kasha. Weka mita kwenye kipimo cha daiodi, ncha nyekundu kwenye GND, nyeusi kwenye pini ya chaneli. Chaneli nzima husoma kati ya 0.5 na 0.7 hivi, lakini namba yenyewe si muhimu kuliko kulinganisha na jirani zake. Ikisoma karibu na sifuri, kuna shoti. Ikisoma OL (mkondo haupiti) wakati jirani zinasoma 0.6, njia imekatika: pima ile rezista ndogo inayofuata pini, mara nyingi ni ya omu 100.

Kama rezista ni nzima, tafuta chipu ya miguu 20 iliyoandikwa 245. Hiyo ndiyo bafa, mlinzi wa chipu kubwa ya CY7C68013A. Rudisha USB, thibitisha volti 3.3 kati ya mguu wa 20 na wa 10, na sifuri kwenye mguu wa 19 (huo ukiwa juu, chaneli zote nane hulala pamoja). Lisha CH3 kwa betri zako, ufuate ishara hadi kwenye mguu wa bafa. Wa kutokea upo upande wa pili, na namba za miguu hiyo miwili daima hujumlika 20: wa 2 na wa 18, wa 3 na wa 17. Volti 3 zikiingia na pacha wake akabaki sifuri, bafa imeungua. Zikitoka 3.3 na PulseView bado haioni, kasoro ni lehemu au chipu kubwa. Ikiwa chipu kubwa, ridhika na chaneli sita.

Kwa historia yako, naiweka dau langu kwenye bafa. Betri ya gari injini ikiwaka hufika volti 14 na ushee, kifaa hiki mwisho wake ni 5. Nunua 74LVC245A ya umbo lile lile. Usikubali 74HC245 dukani kwa kuwa "ni ile ile": ikilishwa volti 3.3, haivumilii volti 5 kwenye maingizo, LVC inavumilia. Kutoa ya zamani, kata miguu yote kwa kikatio kidogo, kisha safisha vipande kimoja kimoja. Ukiivuta nzima utang'oa na njia za shaba.

Ukirudi kwenye gari, weka rezista ya kilo-omu 22 kwenye njia ya ishara na ya kilo-omu 10 kutoka chaneli kwenda GND. Volti 14.4 zitashuka hadi kama 4.5. Ongeza zena (daiodi inayozuia volti zisizidi kiwango chake) ya volti 5.1 kwa ajili ya mishtuko. GND iunganishwe kwanza, itolewe mwisho.

SWALI: Chaneli zangu ni nzima, ila SDA (laini ya data ya kihisi) ya ESP32, chipu yangu ya kudhibiti, haionekani kupanda, mita inasoma 2.2. Nikichomoa kichanganuzi, kihisi kinafanya kazi.
Msomaji, Kisumu

JIBU: Unategemea rezista ya ndani ya ESP32 inayovuta laini juu, ambayo ni kama kilo-omu 45. Kichanganuzi nacho huvuta laini chini kwa kama kilo-omu 100, hivyo volti 3.3 hugeuka 2.28, na bafa ya HC inadai 2.3 na zaidi ndipo iione laini kuwa juu. Weka kilo-omu 4.7 kutoka SDA hadi 3.3, nyingine kwenye SCL (laini ya saa). Utapata zaidi ya volti 3.1.

SWALI: Narekodi kwa 24 MHz, sampuli milioni 1, mistari yote iko bapa.
Msomaji, Arusha

JIBU: Hapo umerekodi milisekunde 42 tu, na huenda mzunguko wako haukusema lolote katika muda huo. Shuka hadi 1 MHz kama ishara ni ya UART (mawasiliano ya mfululizo) ya biti 9600 kwa sekunde, au weka triga (sharti la kuanza kurekodi) kwenye mteremko wa TX, laini ya kutuma. Triga ukiiweka kwenye laini isiyobadilika, programu itasubiri tu bila kukuonyesha kitu.