Kindi darini: toa kwanza, ziba baadaye

Wiki hii kaniandikia kijana mmoja aliyenunua nyumba upande wa magharibi wa jimbo letu hili la Massachusetts, kwenye kiwanja chenye miti mpaka mlangoni. Ujumbe wake ulikuwa mfupi: "Shikamoo dada. Kuna wanyama darini, nadhani ni kindi. Naomba jina la sumu nzuri." Marahaba mdogo wangu, na hongera sana kwa nyumba. Jina la sumu sikupi. Nakupa yaliyonikuta mimi, maana najua ushauri utakaopewa na kila mtu, kuanzia jirani hadi muuza duka la vifaa, na mwingi wake ni wa kukulia pesa.

Sisi tuliotoka nyumbani tukaja huku, ndoto ya nyumba tunayoota ni ileile. Unapanga fleti miaka na miaka, watoto wanakatazwa kukimbia kwa sababu kuna watu chini, watu wa juu nao hawamkatazi mtu wao. Halafu dalali anakupeleka nje kidogo ya Worcester, anakuonyesha nyumba yenye misonobari nyuma na mialoni mbele, kimya, hewa safi. Unasaini mkono ukitetemeka. Hakuna anayekuambia kwamba msitu ule una wenyeji wake, na kwamba ikifika Novemba wenyeji hao wanaitamani dari yako yenye joto kuliko unavyoitamani wewe.

Mimi ni muuguzi wa zamu ya usiku. Nawaambia hilo kwa sababu ndiko mateso yangu yalikoanzia. Kindi wa kijivu wa huku ni mnyama wa mchana: anaamka na jua, anahangaika asubuhi, mchana anapumzika kidogo, alasiri anaanza tena. Nikitoka kazini saa moja na nusu, nikaoga, nikafunga mapazia, yeye ndiyo kwanza anafungua siku. Mbio kutoka kona hii ya dari hadi ile. Kitu kinaviringishwa. Kitu kinatafunwa, kwa utulivu, kama vile kimelipiwa. Mume wangu ni dereva wa malori, analala usiku, kwa hiyo yeye hakusikia chochote. Akaniambia nimechoka, niombe likizo. Mama kule Marangu akanipigia simu akaniambia tuombee nyumba. Hakuna aliyeniamini mpaka siku taa ya korido ilipoanza kupepesa.

Basi somo la kwanza ndilo hilo, wala halina gharama: sikiliza saa. Vishindo vya mchana ni kindi wa kijivu, au yule mwekundu mdogo mwenye kelele anayependa misonobari. Vishindo vya usiku ni habari nyingine: panya, rakuni, mnyama wa porini wa huku mwenye hatua nzito, au wale kindi wadogo wenye macho makubwa wanaonyiririka hewani kutoka mti hadi mti, ambao hukaa kundi zima mahali pamoja. Ukikosea mnyama, utakosea kila kitu kinachofuata.

Tukaita kampuni. Sitaitaja, ingawa vidole vinaniwasha. Alikuja kijana mmoja mwezi wa Aprili, akapanda ngazi, akaona tundu kwenye fisha bodi, ule ubao wa ukingo wa paa, kona ya nyuma, pana kama ngumi ya mtoto. Akagongelea kipande cha bati, akazungushia silikoni, akatupa risiti. Hakuingia darini. Nasema tena, hakuingia darini! Tulimlipa pesa ambayo nyumbani ingeezeka banda zima la ng'ombe wa mama, na kazi yote ilimchukua muda mfupi kuliko mimi kupika wali.

Jioni ile mama mwenye nyumba akarudi. Sijisemi mimi, namsema kindi. Akakuta mlango umezibwa, watoto wake wako ndani. Mnyama yule nimeuona uchungu wake kwa macho yangu. Alitafuna ubao pembeni ya bati mpaka vumbi la mbao likajaa kwenye ngazi za nyuma. Akahamia kwenye kona nyingine, akatafuna. Akang'ang'ania ukingo wa mfereji wa maji, meno yanalia kwenye chuma. Na juu ya chumba cha binti yangu tukawa tunasikia vilio vyembamba, vya kukatika. Binti yangu akaniuliza kama wale watoto watakufa. Mimi nafanya kazi wodi ya wazazi.

Nikaipigia kampuni. Wakaniambia kutoa watoto ni huduma nyingine, inalipiwa kivyake, na nafasi ipo wiki ijayo. Sijawasamehe mpaka leo, na sioni haraka ya kuwasamehe. Mume wangu alipanda ngazi na tochi akaling'oa lile bati. Kabla hajafika chini, kindi alishapita juu ya mkono wake akaingia.

Laiti yule kijana wa kampuni angeniuliza, ningemsomea kalenda. Jike wa kindi wa kijivu huzaa hata mara mbili kwa mwaka: mara ya kwanza kati ya Februari na Aprili, mara ya pili kati ya Julai na Septemba. Mimba ni siku 44 hivi. Watoto wanazaliwa uchi na vipofu, na inachukua kama wiki 10 mpaka waache kunyonya. Ukiziba tundu katikati ya muda huo, unazika watoto hai juu ya vyumba vya watoto wako, halafu mama yao anakubomolea nyumba kuwafuata. Wasipofikiwa, wanakufa na kuoza ndani ya insulesheni, ile sufi ya kuzuia baridi darini, na harufu hiyo haiondoki kwa udi. Ndiyo maana nasema na nitarudia: toa kwanza, ziba baadaye.

Aliyetuokoa ni fundi wa paa, mtu wa Guatemala, aliyekuwa anafanya kazi nyumba ya tatu kutoka kwetu. Alipanda darini, akakaa huko muda, akashuka na ile sufi, rangi ya waridi, kichwani, akasema tumsumbue tu yule mama, basi. Kindi mwenye watoto karibu kila mara ana kiota cha akiba kwenye mti. Akiona hapa hapakaliki, atawahamisha mwenyewe, ila umpe nafasi na mwanga wa mchana. Tukaweka taa kali karibu na kiota na redio ya sauti kubwa, redio ya watu kuongea, maana sauti ya binadamu inamtisha kuliko muziki. Mume wangu akachagua marudio ya mechi ya Simba na Yanga, mtangazaji anapiga kelele tangu alfajiri. Mimi mwenyewe nilikwenda kulala kwa rafiki yangu.

Niliporudi kutoka zamu nyingine nilisimama uani na koti langu la kazi, nikashuhudia. Mama anatoka kwenye tundu, mdomoni kamshika mtoto ngozi ya tumbo, na mtoto kajiviringisha shingoni kwa mama, mkia na miguu vimemkumbatia kichwa hata macho ya mama hayaonekani vizuri. Anashuka ukutani hivyohivyo, anakata uwanja, anapanda mwaloni mpaka kwenye lile bonge la majani makavu juu kabisa. Anarudi kuchukua mwingine. Mmoja mmoja. Nilisahau kwamba nina usingizi.

Kuna watu watasema, si ungemtega kwa kizimba, ukampeleka msituni mbali, ukamwachia? Nami niliwaza hivyo, nikidhani ndiyo huruma. Kwanza, hapa Massachusetts sheria hairuhusu kumkamata mnyama wa porini na kwenda kumwachia mahali pengine. Unapohama jimbo, uliza idara ya wanyamapori ya jimbo lako kabla ya kununua kizimba. Pili, hata huruma yenyewe haimo. Kuna utafiti wa mwaka 2004 uliofuatilia kindi wa kijivu waliotolewa vitongojini wakaachiwa kwenye msitu mkubwa: asilimia 97 walikufa au walitoweka pale walipoachiwa ndani ya siku 88. Umemtupa ugenini bila kiota, bila akiba ya chakula, katikati ya wenyeji wanaompiga. Sisi wahamiaji tusihitaji kuelezwa hilo mara mbili. (Walioko Uingereza, kwenu mambo ni mengine tena: kindi wa kijivu aliletwa kutoka huku karne ya 19, na ukishamkamata ni kosa kumwachia popote.)

Baada ya mama kuhama tulijaza tundu magazeti yaliyofinyangwa, bila kukaza. Hicho ndicho kipimo. Siku mbili tatu za hali nzuri ya hewa zikipita na magazeti hayajaguswa, dari ni tupu. Yetu yalisukumwa nje. Kumbe kulikuwa na mpangaji mwingine! Fundi akafunga juu ya tundu kilango cha kutokea tu, kisanduku cha waya chenye kifuniko cha springi. Kindi akisukuma kutoka ndani kinafunguka, akitaka kurudi kinagoma. Kabla ya hapo alishaziba kila upenyo mwingine, maana kilango bila kuziba kwingine ni mapambo. Magazeti yalipokaa salama, akakiondoa, akaziba.

Na kuziba ni kazi ya chuma. Lile povu la kopo linalovimba, kindi analipitia kabla halijatulia. Wavu wa kuku anaupanua. Tumia wavu mgumu uliochovywa zinki, wenye miraba ya nusu inchi, upite ukingo wa tundu kila upande, ushikwe kwa skrubu na washa (vile vipete bapa vya chuma) kwenye mbao nzima, siyo iliyooza. Matundu ya hewa ya kwenye paa yawekewe wavu huohuo kwa ndani ili dari iendelee kupumua. Dohani ivalishwe kofia. Matawi yakatwe yawe futi 8 hadi 10 kutoka kwenye paa, kwa sababu kindi anaruka umbali ambao hutaamini. Ila usiwe na haraka ya kuziba. Toa kwanza, ziba baadaye.

Mengine nayapitia mbio. Naftalini ile ya kabatini usiitawanye darini: kindi anaisogeza pembeni, mvuke wake unashukia chumbani kwa watoto, na kuitumia kinyume na maelezo ya pakiti ni kuvunja sheria. Vile vifaa vya kuchomeka ukutani vinavyodai kutoa sauti isiyosikika na binadamu, serikali kuu ya hapa ilishawaandikia barua za onyo watengenezaji na wauzaji zaidi ya 60 mwaka 2001 kwa kudai wasichoweza kuthibitisha, na bado vinauzwa. Kichaa cha mbwa usikihofie sana, kindi ni nadra mno kukutwa nacho. Sumu, mdogo wangu, itakuachia mzoga ndani ya ukuta.

Waya ndio wa kuogopa. Meno ya kindi hayaachi kukua, kwa hiyo lazima atafune, na waya za umeme hazina tofauti na tawi. Fundi umeme alinionyesha kwa tochi juu ya korido, ganda limemenywa vizuri, shaba inang'aa, imelalia kwenye kenchi kavu. Ukishawatoa wanyama, mwite fundi umeme hata kama taa zote zinawaka. Na usiitegemee bima. Sisi tulisomewa kifungu kwa upole kabisa: uharibifu wa panya na jamii yake haulipwi. Kindi ni jamii ya panya pale tu bima inapotakiwa kulipa.

Sasa niseme kidogo kwa ukali, maana nimeona kwenye kundi letu la WhatsApp mtu anaulizia sumu na watu kumi wanamtajia majina. Jamani, tumekuja huku tukanunua nyumba ndani ya makazi ya viumbe, kisha tunashangaa viumbe wapo. Yule mnyama hakukukosea. Aliona tundu lenye joto akaingia, na tundu ulikuwa nalo wewe. Kama huna pesa ya fundi mwaka huu, subiri watoto wakue, huku ukijichanga. Nyakati nzuri za kazi ni mwisho wa Mei na Juni, au Oktoba kabla baridi haijakaza, ila kagua kwanza kwamba hakuna watoto waliochelewa. Mimi napenda Oktoba kwa sababu majani yameanguka, unaona kila tundu. Wale walionicheka kwamba nawabembeleza kindi kwa redio, wawili wameshaniomba namba ya fundi wangu. Nimewapa. Nimewaambia pia watoe kwanza, wazibe baadaye.

Limebaki jirani. Ni bibi mzee, mtu mwema, lakini kila asubuhi anawamwagia kindi karanga chini ya tawi linalokaribia paa langu kuliko yote. Huwezi kuziba nyumba halafu mezani kwa kindi pawe futi chache kutoka ukutani kwako, kwa hiyo nilimpelekea maandazi, nikamwomba kwa adabu ahamishie karanga upande wa pili wa uwanja wake. Akayapokea kwa furaha. Kesho yake nikaona kindi juu ya uzio kashika kipande cha andazi kwa mikono miwili, anakigeuza, anakitafuna. Nilipomuuliza bibi, alinijibu kwamba wanaipenda sana ile iliki. Mwezi huu nimempelekea chapati.